Chetezo Kinapotoa Moshi Badala ya Harufu

Chetezo ni chombo kidogo, na kwa udogo wake watu hukidharau. Katika nyumba nyingi za pwani, kuanzia Lamu hadi kisiwa cha Ibo, mtoto hukiona tangu hajajua kusema, naye hukua akidhani kwamba kukitumia ni kutia kaa, kunyunyiza udi na kuondoka. Kumbe wapo watu wazima, wenye nyumba zao na watoto wao, ambao hawajapata kujua kwa nini Ijumaa moja nyumba hunukia mpaka usiku wa manane, na Ijumaa ya pili, kwa udi ule ule na mkaa wa gunia lile lile, watu wote hutoka uani wakifuta machozi. Lawama hutupiwa muuza udi. Mara nyingi muuza udi hana kosa.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba chetezo hakikufanywa ili kuchoma kitu. Harufu ya udi imo katika utomvu uliojificha ndani ya mti. Udi wa asili hutokana na miti iitwayo Aquilaria, ambayo huota Assam katika Uhindi na katika nchi za kusini-mashariki ya Asia. Mti huo ukijeruhiwa na kuingiwa na ukungu, hujitetea kwa kutoa utomvu mzito, na sehemu iliyolowa utomvu huo ndiyo iuzwayo kwa bei kubwa. Ubani nao ni utomvu wa mti wa namna nyingine, uchanjwao Dhofari katika Oman, na katika Yemen, Somalia na Ethiopia. Vyote viwili hutoa harufu vikipashwa moto kwa kadiri. Vikipata moto uliopita kadiri, huungua, na kinachoungua hutoa moshi kama kuni yoyote ya jikoni, hata kama kilinunuliwa kwa fedha nyingi.

Baina ya kupasha na kuunguza hapana nafasi kubwa. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi. Sukari, ambayo imo kwa wingi katika udi wa kupika unaotengenezwa majumbani, hugeuka rangi moto ukipita nyuzi 160, kisha huwa masizi. Mti mkavu huanza kuharibika na kutoa moshi moto upitapo nyuzi 200. Lakini kaa lililokolea wekundu lina nyuzi zaidi ya 600, na likipepewa hupanda tena. Basi mtu awekaye kipande cha udi juu ya kaa tupu anafanana na mpishi anayekaanga yai juu ya makaa bila kikaango. Ufundi wote wa chetezo ni kuushusha moto ule mkali hadi uwe moto wa kupasha, na vyombo vya kuushushia ni viwili tu, yaani jivu na hewa.

Katika mji wa Palma, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado, yupo bibi mmoja anayeijua kazi hii kama ajuavyo kusuka ukili. Mji ule uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, alitoka kwa miguu pamoja na majirani hadi Quitunda, na baadaye akavuka kwa chombo cha baharini hadi Pemba, alikokaa kwa jamaa karibu miaka miwili. Aliporudi hakukuta nyumba yake ya makuti, wala sanduku lake, wala chetezo alichoachiwa na mama yake. Akaenda kukaa na mjukuu wake wa kike, aliyeolewa na askari polisi. Nyumba yao ilikuwa mpya, ya matofali ya saruji, yenye paa la mabati na dari ya mbao nyembamba, na kila chumba kilikuwa na dirisha moja dogo la ubao. Bibi akaisifu sana. Akanunua chetezo kipya sokoni, akakiweka juu ya kabati, akangoja shughuli.

Shughuli ikaja. Mjukuu akajifungua mtoto wa kike, na siku ya saba bibi akafukiza chumba cha mzazi, kama alivyofukiziwa yeye na mama yake. Haikupita muda chumba kikajaa moshi wa rangi ya samawati wenye harufu ya sukari iliyoungua. Mtoto akaanza kukohoa. Baba yake, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, akaingia, akamwinua mtoto na kumpeleka nje, kisha akarudi mlangoni.

“Bibi, niwie radhi sana,” akasema. “Chetezo hiki kitoke ndani ya nyumba, na kisirudi.”

“Kitatoka, baba,” bibi akajibu. “Moshi wa namna hii hata mimi siutaki. Lakini usikitupe chombo kwa kosa la moto. Kesho ukiamka tukitazame uani, mimi na wewe.”

Askari yule alikuwa amezoea kukagua mambo hatua kwa hatua, akakubali. Asubuhi wakakaa chini ya mnazi, chetezo katikati yao, na bibi akaanza kukitafutia ugonjwa.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa katika mkaa. Vipande vingine vya gunia lile vilikuwa havikuiva vizuri katika tanuri. Ukivivunja, ndani utaona rangi ya kahawia ya mti. Kipande cha namna hiyo ni kuni iliyojifanya mkaa, nacho hutoa moshi hata kabla ya udi kutiwa. Dawa yake ni kukoleza makaa uani, katika jiko lenye tundu chini, mpaka kila kipande kiwe chekundu ndani na kivae jivu jepesi la kijivu nje. Ndipo kaa moja lichaguliwe kwa koleo na kutiwa chetezoni. Bibi alisema kwamba mkaa wa vifuu vya nazi ndio aupendao, kwa kuwa hudumu na hauna moshi mwingi; na katika mji wa minazi kama Palma, kuukosa ni uvivu. Vile vidonge vya makaa vya dukani, ambavyo huwaka kwa kiberiti kimoja tu, vimetiwa shura ili vishike moto upesi. Havina ubaya, lakini navyo vingojewe mpaka cheche na harufu ya shura viishe.

Ugonjwa wa pili ulikuwa katika jivu. Katika chetezo kile kipya jivu lilikuwa limejazwa hadi ukingoni na kushindiliwa kwa kidole, tena lilikuwa na unyevunyevu, maana jivu la kuni lina chumvi inayovuta maji, na hewa ya bahari haikosi maji. Kaa likiwekwa juu ya jivu kama hilo hupoa upande wa chini, na mwenye nyumba, akiliona linafifia, huchukua kipepeo. Hapo huja balaa la kaa kufa chini na kuwaka vikali juu, mahali hasa ulipo udi. Bibi akalimwaga jivu lote, akalichekecha, akalikausha juani, kisha akalirudisha nusu ya bakuli tu, likiwa limelegea kama unga. Akachimba kishimo katikati, akalilaza kaa humo, akalifunika kwa jivu jembamba kiasi cha kuuona wekundu kwa mbali.

“Sasa weka mkono juu,” akamwambia askari. “Hesabu hadi tatu polepole. Ukishindwa kufika tatu, moto ni mkali, ongeza jivu. Ukifika kumi bila taabu, umepoa, punguza jivu.”

Kipimo hiki hakimo katika kitabu chochote, lakini si kipimo cha kuchekwa. Jivu huzuia joto lisipite kwa wingi, na wakati huo huo hupunguza hewa inayolifikia kaa, hata kaa likala polepole kwa saa nyingi. Wajapani, ambao tangu karne nyingi wamefanya jambo la uvumba kuwa sanaa yenye walimu na wanafunzi, hufanya vivyo hivyo. Hulifukia kaa dogo katika chungu ya jivu laini, hutoboa kitundu cha pumzi juu yake, na juu ya kitundu huweka kibati chembamba cha ulanga ambacho ndicho hubeba kijiti cha udi. Wao husema kwamba harufu haivutwi, bali husikilizwa. Bibi wa Palma hana ulanga. Alitumia kigae cha chungu kilichovunjika, chembamba, chenye ukubwa wa sarafu, nacho kilifaa.

Ugonjwa wa tatu ulikuwa katika udi wenyewe, au tuseme katika namna ya kuutia. Mjukuu alikuwa ametia kijiko kizima kwa mara moja, kwa kuwa aliona harufu inachelewa. Udi uliopondwa ukiwa unga hulifunika kaa na kulinyima hewa, kisha unga ule ukishika moto hushika wote pamoja. Vipande vinene navyo huungua ubavu mmoja na kubaki vibichi upande wa pili. Vifaavyo ni vijiti vyembamba kama ukucha, kimoja au viwili, na mtu awe na subira ya kuhesabu mia moja kabla ya kuongeza. Ubani huhitaji uangalifu zaidi, maana huyeyuka na kutiririka. Ukiwekwa juu ya kaa hutambaa juu yake na kuungua, bali ukiwekwa pembeni, juu ya jivu la moto au juu ya kigae, hutoa harufu yake yote. Rangi yake igeukapo nyeusi kazi yake imekwisha. Haina budi kuondolewa, kwa sababu kinachobaki si ubani tena.

Walipomaliza, bibi akaweka kijiti kimoja juu ya kigae. Moshi uliotoka ulikuwa uzi mwembamba usioonekana ila kwa kutazama juani, na harufu ikafika hadi kwa jirani, ambaye akauliza kwa sauti kama kuna harusi. Askari akacheka, na neno la kukitupa chetezo halikusemwa tena.

Lau mambo yangeishia hapo, haya yangekuwa maelezo ya chetezo tu. Lakini mzazi alikuwa akilalamika kwa siku kadhaa kwamba huamka na kichwa kizito, anasikia kichefuchefu, na miguu haina nguvu. Na ikifika saa nne, akishakaa uani, maumivu huondoka yenyewe. Nyumbani walidhani ni uchovu wa uzazi. Chetezo kikarekebishwa, moshi ukaisha, na kichwa kikaendelea kuuma.

Muuguzi aliyekuja kumtazama aliuliza swali moja ambalo hakuna aliyelitarajia.

“Mama, usiku jiko hulala wapi?”

Jiko lililala chumbani. Tangu mtoto azaliwe, maji ya kumwogeshea na uji wa mzazi vilipashwa moto usiku ndani ya chumba, kwa sababu hakuna mwanamke wa Palma ambaye, baada ya yale aliyoyaona mwaka 2021, hutoka uani peke yake gizani bila sababu kubwa. Kwa sababu iyo hiyo dirisha lilifungwa kwa komeo tangu magharibi, na chini ya mlango palizibwa kwa kitambaa. Makaa yalikuwa mekundu, safi, bila moshi wowote. Na kwa kuwa hayakuwa na moshi, watu waliyaona kuwa hayana madhara.

Hapo ndipo penye hatari ambayo imeua watu wengi duniani. Mkaa unapoungua mahali penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikazunguka mwilini bila kubeba kile ambacho mwili unakihitaji. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na unyonge. Aliyelala huweza kupita kutoka usingizini hadi kuzimia bila kuamka. Watoto wachanga na wanawake wajawazito hudhurika upesi zaidi. Mtu aonekanapo katika hali hiyo hatua ya kwanza ni kumtoa nje kwenye hewa safi mara moja, milango yote iachwe wazi, kisha apelekwe kwa mganga wa hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Bibi alinyamaza kwa muda mrefu baada ya muuguzi kuondoka. Kisha akaeleza jambo ambalo pengine ndilo kiini cha habari hii. Maisha yake yote alikaa na makaa ndani ya nyumba na hakupata kuumwa kichwa. Lakini nyumba zile zilikuwa na kuta zisizofika paani, na paa la makuti ambalo hupumua usiku na mchana. Wakati wa kaskazi upepo uliingia upande mmoja, wakati wa kusi uliingia upande mwingine, na joto la moto lilipanda na kutokea juu bila kuombwa. Nyumba ya saruji yenye mabati na dari haina nafasi hiyo. Ni nyumba imara, haivuji, haishiki moto upesi, na baada ya kimbunga Kenneth cha mwezi Aprili 2019 nani atamlaumu mtu wa Cabo Delgado kwa kutaka nyumba imara? Lakini desturi za moto zilizokuwa salama katika nyumba ya makuti zimehamia humo bila kubadilishwa.

Ilibaki kulitatua jambo la woga, maana si haki kumwambia mama afungue dirisha usiku katika mji uliopatwa na mambo kama yale, kana kwamba woga wake ni upuuzi. Askari akalitatua kwa patasi na nyundo. Akatoboa matundu manne juu ya ukuta, karibu na dari, mawili upande wa bahari na mawili upande wa ua, kila moja likiwa na upana wa tofali, akayawekea nondo na wavu wa mbu. Mtu hapiti, mkono haupiti, lakini upepo hupita. Chini ya mlango kitambaa kikaondolewa. Jiko likahamia barazani kabla ya jua kuchwa, na maji ya usiku yakatiwa katika chupa ya chai mbili, yakabaki na joto hadi alfajiri. Asubuhi ya pili mzazi aliamka na kichwa chepesi.

Askari walioko kambini na familia zao wakumbuke kwamba hema ni chumba kama kingine, tena kibaya zaidi, kwa kuwa turubai likiloa mvua halipitishi hewa. Mtu mwenye baridi anayeingiza jiko la makaa hemani, akafunga zipu na kulala, amejiweka katika hatari kubwa kuliko baridi aliyokuwa akiikimbia. Jamaa waliokaa katika vibanda vya turubai baada ya kuhama makwao, huko Metuge na kwingineko, wanastahili kuambiwa neno lilo hilo. Jiko lipikie nje, na lisilale ndani hata kama limefunikwa jivu. Kaa lililofunikwa jivu linaendelea kuungua, na sumu yake haikomi.

Na chetezo je? Kaa moja dogo si sawa na jiko zima, na chumba chenye matundu ya hewa hukivumilia. Hata hivyo moshi wa udi, ujapokuwa mwembamba na mzuri, ni moshi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani, hasa wa kupikia, ulisababisha vifo milioni 3.2, na mapafu ya mtoto wa siku saba hayabagui moshi wa kuni na moshi wa sherehe. Bibi alilipinga jambo hili siku mbili, kisha akakubali kwa masharti yake mwenyewe. Chumba hufukizwa wakati mama na mtoto wako kwa jirani, na hurejea hewa ikishasafika. Kanga za mzazi na nguo za mtoto huvikwa juu ya tenga uani, chetezo chini yake, kisha hutundikwa kambani zipigwe na upepo mpaka ibaki harufu peke yake. Wakati wa kufukiza mtu hukaa karibu, maana kitambaa kikianguka juu ya kaa hakingoji mwenyewe arudi.

Kazi ikiisha, jivu lisimwagwe jalalani siku ile ile. Kaa lililozikwa katika jivu huweza kuishi usiku kucha likionekana limekufa, na upepo wa asubuhi ukilifunua hurudi kuwa jekundu karibu na makuti ya jirani. Bibi humwaga lake katika kishimo cha mchanga nyuma ya nyumba, hulinyunyizia maji, na kesho yake huligusa kwa kiganja. Jivu la kazi ya pili hulichukua kwingine, katika jiko lililopoa tangu juzi, hulichekecha na kulitia katika kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, lisiingiwe na unyevu wa bahari.